Kibodi ya zamani imegeuka njano: kabla hujaianika juani, pita hapa kwanza

Fundi_Batani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kila baada ya muda mtu anaweka humu picha ya kompyuta ya zamani iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na jibu la kwanza huwa lile lile: paka peroksaidi (ile dawa ya kupausha nywele), anika juani, kazi kwisha. Dawa ni hiyo kweli, sibishi. Tatizo ni kwamba video karibu zote za kazi hii zimerekodiwa Ulaya na Marekani, na vipimo vyake ni vya jua la huko. Mtu wa Dar au Tanga akivifuata kama vilivyo, saa saba mchana, na krimu kali kuliko zote dukani, anaishia na kava lenye mabaka meupe yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dua.

Nina mfano mezani. Ni Apple Extended Keyboard II, toleo lililoanza kutoka mwaka 1990, niliyoipata ofisi moja ya uchapaji ilipokuwa inafunga na kugawa vitu vyake. Zile ofisi za kupanga kurasa ndizo zilizokuwa na Macintosh, kompyuta za Apple, mjini, wengine wote tulikuwa na PC za kuungaunga. Kava lake limekuwa njano. Batani ya spesi, ile ndefu ya chini, imekuwa njano zaidi, karibu na kahawia. Lakini batani zote za herufi na namba ziko kijivu cheupe kama zilivyotoka kiwandani! Kibodi moja, chumba kimoja, dirisha moja, miaka ile ile.

Hapo ndipo somo lote lilipo. Batani za herufi ni plastiki iitwayo PBT, na herufi zake zimepenyezwa ndani ya plastiki kwa joto, hazikubandikwa juu. Spesi na kava ni ABS. Batani ndefu ya PBT hupenda kujipinda ikipoa kwenye kalibu, ndiyo maana viwanda vingi viliitengeneza spesi peke yake kwa ABS. ABS hugeuka njano, PBT kwa kawaida haigeuki. Kwa hiyo usichukue kibodi nzima ukaizamisha kwenye dawa. Tenganisha kinachoumwa na kisichoumwa.

Ukitaka kujua batani yako ni ya aina gani, koroga chumvi ya jikoni kwenye glasi ya maji mpaka chumvi igome kuyeyuka, kisha tumbukiza batani. Isugue chini kwa kidole ili mapovu ya hewa yaachie. ABS itaelea, PBT itazama moja kwa moja. Kwenye maji matupu zote mbili huzama, kwa hiyo chumvi usiipunje.

Sasa njano yenyewe ni nini? Si uchafu, na si moshi wa sigara kama wengi wanavyosema. Moshi wa sigara huacha utando unaotoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ukisugua na kitambaa kikatoka kahawia, ulikuwa na mvutaji, basi. Njano ninayoizungumzia iko ndani ya ngozi ya plastiki yenyewe. ABS imeundwa kwa akrilonitrili, butadieni na stireni. Butadieni ni sehemu ya mpira, ndiyo inayofanya kava lisipasuke likianguka, na ndiyo dhaifu mbele ya oksijeni. Mionzi ya urujuanimno na joto vinaisaidia oksijeni kuishambulia, na mabaki yake humeza mwanga wa buluu. Buluu ikishamezwa, kinachorudi machoni ni njano.

Utasikia pia kwamba mkosaji ni bromini, dawa iliyochanganywa kwenye plastiki za vifaa vya umeme ili zisishike moto. Inawezekana inachangia, na ndiyo maelezo yanayorudiwa kila mahali. Mimi siipi kesi yote. Matofali meupe ya LEGO nayo ni ABS, ni midoli isiyoingia umeme, na yakikaa dirishani yanakuwa njano vilevile.

Peroksaidi inavunja zile molekuli zinazomeza buluu, na mwanga au joto ndiyo inayoiamsha. Wapenzi wa Amiga na Commodore, kompyuta za nyumbani za zamani, walianza kupeana maelekezo haya mwaka 2008 hivi, wakayaita Retr0bright, na sifuri katikati.

Jinsi ninavyofanya kwa jua la pwani:

Piga picha ya mpangilio wa batani kabla hujagusa kitu. Ng'oa batani kwa waya uliokunjwa pande zote mbili, ukivuta wima. Ukizipindisha kwenye swichi za kampuni ya Alps kama za hii Apple, utang'oa na kijiti cha ndani. Spesi ina waya wa chuma chini yake unaoizuia isiyumbe. Toa huo waya, weka pembeni. Fungua kava, toa bodi na kebo. Osha plastiki kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kwa sababu mafuta ya vidole yakibaki dawa haipenyi sawasawa na utaona alama za vidole vya karani wa 1993 zimebaki njano peke yake.

Peroksaidi natumia ya maji, asilimia 6. Ukiipata ya 12, changanya na maji kiasi sawa kwa sawa. Beseni liwe la plastiki, kamwe lisiwe la bati wala sufuria: chuma na shaba huifanya peroksaidi ichemke ovyo na kuisha nguvu. Plastiki yako izame YOTE. Mapovu yatajikusanya chini ya kava na kuliinua, na sehemu itakayochungulia juu ya maji ndiyo itakayotoka na mstari. Weka glasi juu yake likae chini.

Anza saa mbili asubuhi, si saa sita. Kila nusu saa geuza, papasa mapovu yatoke, tazama rangi. Video inakwambia acha siku nzima; hapa kwetu kuna spesi zinazomaliza kabla ya adhuhuri. Simama rangi ikiwa bado kidogo haijafika unapotaka. Apple za miaka ile hazikuwa nyeupe, zilikuwa kijivu walichokiita Platinum, na ukizidisha unapata weupe uliopauka ambao haufanani na batani nyingine. Linganisha na upande wa ndani wa kava, ambao haukuona mwanga, huo ndio ushahidi wako wa rangi halisi.

Glavu na miwani, tafadhali. Asilimia 12 ikikugusa ngozi inakuwa nyeupe na kuwasha, machoni sitaki hata kufikiria. Na beseni usilifunike kwa mfuniko wa kubana: inatoa oksijeni, na chombo kilichobanwa hupasuka.

Karibuni.

---

kijana_wa_Gerezani

Mkuu uzi mzuri, nimeuweka alama. Swali la mtu wa hali ya chini: jiki je? Ipo kila duka na bei yake inajulikana.

---

Fundi_Batani

Jiki waachie mashuka, mdogo wangu. Njano hii haiitoi, na inaweza kuichosha plastiki bure. Na la muhimu zaidi, usiichanganye na peroksaidi hata kidogo. Zikikutana zinatoa gesi kwa fujo na kukurukia usoni. Siki nayo usimiminie humo, ikichanganyika na peroksaidi inazaa asidi nyingine inayokera macho na kifua. Na yeyote atakayekuja na wazo la thina au dawa ya kuondolea rangi ya kucha: asetoni inayeyusha ABS. Utabaki na alama ya kidole chako milele.

---

Mama_Saluni

Nimeona peroksaidi nikasema hapa ni kwangu 😄

Wanaume mnaingia dukani mnauliza "asilimia ngapi" na muuzaji anawatazama tu. Kwenye chupa zetu za saluni imeandikwa vol. Vol 10 ni asilimia 3, vol 20 ni 6, vol 30 ni 9, vol 40 ni 12. Ile namba ni ujazo wa oksijeni unaotoka: lita moja ya vol 20 inatoa lita 20 za oksijeni. Kwa hiyo mkuu anaposema asilimia 6, ombeni vol 20, mtaeleweka.

Halafu kuna ya maji na ya krimu. Sisi tunapenda ya krimu kwa sababu haitiririki kichwani. Kwa kazi yenu ninavyoona ni mtego, maana krimu hukauka, na ikikauka haifanyi kazi tena. Mteja wangu nikimpaka rangi nikamwacha feni inampiga upande mmoja, upande ule rangi haishiki. Na nyinyi mnaipeleka juani kabisa!

La mwisho, angalieni tarehe na chupa ilikaa wapi. Peroksaidi iliyokaa kwenye kioo cha duka inapigwa na jua imeshakuwa maji. Tone moja kwenye kipande cha kiazi kibichi: ikitoa povu kwa nguvu bado hai, ikinyamaza rudisha dukani.

---

Fundi_Batani

Dada, heshima yako. Hiyo ya kiazi naichukua. Na hilo la krimu kukauka ndilo hasa nililotaka watu walione. Ulaya wanapaka krimu, wanaviringisha nailoni ya kufungia chakula, wanaacha bustanini. Jua lao linawapa muda. Hapa chini ya nailoni panakuwa tanuri, krimu inajikusanya kwenye mikunjo, sehemu nyingine inakauka, sehemu nyingine inabaki nene, na kila mkunjo unachora mstari wake.

---

Mkazi_wa_Likoni

Hii imenipata, wallahi. Niko Mombasa, nina Commodore 64, ile ya kahawia ya 1982 na kuendelea. Nilimpa jamaa mmoja anayetengeneza simu, akaipaka krimu na kuifunga nailoni akaiweka juu ya paa la mabati. Imerudi ina mistari kama punda milia. Kuna namna ya kuiokoa ama niikubali tu hivyo?

---

Fundi_Batani

Pole sana ndugu yangu. Inaokoleka mara nyingi. Mistari ile maana yake ni kwamba sehemu nyingine dawa ilifanya kazi, sehemu nyingine haikufanya. Izamishe nzima kwenye ya maji, dhaifu, hata asilimia 3 ya duka la dawa inafaa, kwenye mwanga wa asubuhi, na uigeuze mara kwa mara. Sehemu zilizobaki nyuma zitafika, zilizotangulia hazina mbali pa kwenda. Kisichookoleka ni pale ambapo uso wenyewe umepauka na kuwa na unga unga. Hapo plastiki imeungua, siyo suala la rangi tena.

Lakini 64 ya kahawia ina jambo lake. Kava lile lina rangi iliyochanganywa ndani ya plastiki, na peroksaidi haichagui rangi mbaya na nzuri. Kijivu na rangi ya maziwa vinavumilia. Kahawia, buluu na nyekundu vinapauka. Simama mapema kuliko unavyotaka. Na ile beji ya Commodore ilitolewa kabla?

---

Mkazi_wa_Likoni

Haikutolewa. Imekuwa na madoadoa. Nimenyamaza tu.

---

Mswahili_wa_Leicester

Salamu kutoka kwenye baridi. Nyinyi mnalalamika jua limezidi, mimi kuanzia Oktoba silioni kabisa. Kwa faida ya waliopo Ulaya kama mimi: jua si lazima. Joto peke yake linatosha. Natumia sufuria ya umeme ya kupikia polepole yenye bakuli la udongo, peroksaidi ya maji, nyuzi joto 60 hivi, gizani kabisa, na njano inatoka sawasawa kuliko juani kwa sababu dawa inagusa pande zote. ABS hailegei mpaka ikaribie nyuzi 100, kwa hiyo 60 ni salama, ila isiguse kuta za bakuli. Kipimajoto muhimu. Na sufuria hiyo haipikii chakula tena, mke wangu alihakikisha hilo kwa maandishi.

Njia nyingine ya bei nafuu ni ule unga mweupe wa kuondoa madoa kwenye nguo unaoandikwa "oksijeni", si jiki. Ndani yake kuna sodiamu pakaboneti, ambayo ikiingia maji ya moto inatoa peroksaidi yenyewe. Ni ya polepole lakini haiunguzi mikono kama vol 40.

---

Bubu_wa_Shangani

Assalaam aleikum vijana wangu. Mimi si fundi, nasoma tu. Lakini huenda mnashangaa kwa nini kompyuta hizi za nyumbani za miaka ya themanini hazipatikani huku Tanzania, na za Mombasa zipo. Wengine hamkuzaliwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni kwa upande wa bara. Marufuku yale yalikaa karibu miaka ishirini. Kwa hiyo wakati watoto wa Uingereza wanacheza na Commodore na BBC Micro, huku mtu hakuwa na njia halali ya kirahisi kuwa nayo sebuleni. Zilizopo kwetu nyingi ni za miaka ya tisini kuja mbele, za maofisini na za miradi ya wafadhili. Ndiyo maana hiyo ya Fundi ilitoka ofisi ya uchapaji. Endeleeni.

---

Fundi_Batani

Wa aleikum salaam, shikamoo mzee. Umenijibia swali ambalo hata sikuuliza. Ndiyo sababu hasa ya kutunza kidogo tulichonacho.

---

Mpinga_Mapambo

Naomba nije na upande wa pili. Kwa nini kuisugua? Kitu cha miaka thelathini kiwe na miaka thelathini. Mnaitia kemikali, inakuwa nyeupe, mnapiga picha, baada ya mwaka inarudi njano, mnaitia tena. Kila mara mnakula plastiki. Nimesoma watu wanalalamika kava lao limekuwa rahisi kuvunjika baadaye.

---

Fundi_Batani

Mkuu, nusu ya hoja yako nakubaliana nayo. Njano inarudi, na aliyekwambia hairudi alikuwa anakuuzia kitu. Peroksaidi inafuta matokeo ya ugonjwa, haiondoi butadieni, na oksijeni ipo kila mahali. Inarudi hata kwenye sanduku lenye giza, taratibu zaidi, kwa sababu joto nalo linafanya kazi yake. Ukiihifadhi stoo iliyo chini ya bati, unaialika.

Kuhusu kuvunjika, kumbuka kuwa kava lililogeuka njano tayari limeshaanza kuchoka. Zile klipu ndogo za ndani hukatika hata kwa kibodi ambayo haijawahi kuiona peroksaidi. Sioni busara ya kulitia dawa kava moja kila mwaka. Mara moja, kwa dawa dhaifu, kisha liweke mbali na dirisha na ulifunike kitambaa.

Na kuna vitu ambavyo mimi mwenyewe sivigusi. Kibodi iliyogeuka njano sawasawa kila mahali, bila mabaka, mara nyingi naiosha tu na kuiacha, inapendeza. Hii Apple naitibu kwa sababu ya spesi. Meno meupe yote na moja la kahawia katikati, jicho haliachi kulitazama.

---

kijana_wa_Gerezani

Nimefanya ile ya chumvi! Nina kibodi ya PC ya kawaida, rangi ya maziwa, ile yenye plagi ya duara. Batani zote zimeelea, kwa hiyo ABS zote. Lakini herufi zake naziona zimechapwa kwa juu, nikipitisha ukucha unakwama kidogo. Nikizamisha si zitafutika?

---

Fundi_Batani

Ukucha ukikwama, hiyo ni wino uliopigwa juu ya plastiki, na ndiyo aina ninayoiogopa kuliko zote. Peroksaidi yenyewe huenda isiufute, lakini wino wa miaka ile umeshachoka, na kusugua ndiko kunakoumaliza. Chagua batani moja usiyoitumia, Scroll Lock inafaa sana kwa sababu hakuna anayejua kazi yake, uizamishe peke yake. Herufi zikibaki imara baada ya kuisuuza na kuikausha, endelea na nyingine. Mswaki usipite juu ya herufi kabisa, pitisha pembeni tu.

Kama zingekuwa batani ambazo herufi yake ni plastiki ya pili iliyomiminwa ndani ya ya kwanza, ukiigeuza unaiona herufi kwa chini, hapo usingekuwa na wasiwasi. Hizo hazifutiki mpaka plastiki yenyewe iishe.

---

Mama_Saluni

Na dawa ikiisha kutumika mmwage wapi? Msije mkaniua maua.

---

Fundi_Batani

Maji mengi juu yake, kisha kwenye sinki au choo. Inavunjika kuwa maji na oksijeni tu. Maua usiyaguse, dada, yangu yenyewe yako mbali na beseni.

---

Mkazi_wa_Likoni

Ripoti fupi. Nimefuata ya dhaifu, asubuhi, nikiigeuza. Mistari imepungua sana, upande wa kulia bado unaonekana ukiinamisha kwenye mwanga. Kahawia imepauka kidogo lakini nimesimama. Beji ndiyo basi.

Swali la mwisho Fundi: hiyo Apple yako ukishaifunga, unaichomeka wapi? Plagi yake si ya PS/2, ile ya duara ya kibodi za PC.

---

Fundi_Batani

Hongera, hapo umeokoa. Usirudie tena mwaka huu, iache ipumue.

Plagi ni ADB, ya Apple wenyewe, ya duara yenye pini nne, ukiitazama haraka utadhani ni ya S-Video, ile ya kupeleka picha kwenye televisheni. Kuna vibadilishi vya kuipeleka kwenye USB. Griffin iMate ya zamani bado inapatikana kwa wanaouza vitu vilivyotumika, na wapo wanaotengeneza vya kwao kwa bodi ndogo za kuprogramu. Moja tu la kuzingatia: ukiichomeka kwenye Macintosh yenyewe ya zamani, zima mashine kwanza. ADB haikukusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukiwaka, na ukiunguza hiyo sehemu kwenye bodi, kazi yake ni ya chuma cha kulehemu.